Mkokoteni Wangu na Watu wa Haraka

Jina lake halisi ni refu, la Kiingereza, lenye namba mwishoni, na sijawahi kumsikia mtu akilitamka pale saiba, chumba cha kukodi kompyuta mtaani kwetu Pipeline. Sisi tuliuita mkokoteni. Walioutungia jina hilo walifanya hivyo kwa kejeli, na kejeli yao ilinikera tangu siku ya kwanza, kwa sababu mimi ndiye pekee niliyekuwa nikiutumia.

Ni roboti ya kubomoa kuta katika mchezo wa vita wa kompyuta, ule wa sayari yenye vumbi jekundu ambako kila mchezaji anajenga kambi, anaizungushia ukuta na mizinga, kisha anatuma jeshi likaangushe kambi ya mwenzake. Mkokoteni una miguu minne minene na mtutu mrefu mgongoni. Hautembei, unajikokota. Na ukishafika hauwezi kupiga hivi hivi tu. Lazima ukae kwanza: uchuchumae, uchimbie miguu ardhini, mtutu ufunguke kipande kwa kipande, huku wewe unayeucheza umeuma meno. Ukiwa katika hali hiyo hauwezi kukimbia wala kumpiga adui aliye karibu, na kijiroboti chochote cha bei ya bure kinaweza kuumaliza. Lakini ukiachwa ukakaa, basi. Unapiga kutoka mbali kuliko mzinga wowote wa ukutani, na hakuna ukuta unaobaki wima. Kitu kimoja tu: kombora lake halichagui. Likidondoka linaua kila kilichopo pale, cha adui na chako.

Mimi nauza nguo za watoto Gikomba. Mikokoteni naijua. Kila belo la mitumba ninalofungua limefika mbele yangu juu ya mkokoteni, likisukumwa na mtu aliyelowa jasho, na sokoni wote wanampisha, hata wale wa suti waliokuja kuchagua mashati. Kwa hivyo kapteni wa timu yetu ya mchezo alipoinua kichwa akauliza, "Auntie, hako kamkokoteni kako katafika lini?" na saiba nzima ikacheka, mimi sikucheka. Niliudhika, halafu nikaudhika zaidi kwa sababu swali lenyewe lilikuwa la haki. Kweli ulikuwa haufiki.

Ulikuwa haufiki kwa sababu ya sheria ya stima. Asiyekaa kwetu nitamweleza. Stima ya Pipeline, yaani umeme wetu, haina adabu. Inaenda ikitaka na kurudi ikitaka. Saiba yetu iko chini ya ghorofa, chumba kimoja kisicho na dirisha, na haina jenereta. Stima ikienda, kompyuta zote zinazima pamoja na mchezo unapotea, hauhifadhiwi popote. Zamani watu walikuwa wanashikana mashati humo gizani, kila mmoja akidai ndiye aliyekuwa anashinda. Ndipo mwenye saiba, mzee wa Kiislamu mzaliwa wa Majengo kule Pumwani, mtu asiyependa kelele, akaweka sheria: stima ikienda, mshindi ni yule aliyekuwa ameua wengi. Hesabu ya vifo inaonekana kwenye kona ya skrini, kila mtu anaiona, hakuna ubishi. Ilikuwa sheria nzuri. Ilileta amani, na iliharibu akili za watu kabisa.

Kwa sababu ukuta si kifo. Unaweza kubomoa ukuta wote wa adui usihesabiwe hata kifo kimoja. Basi kila mtu akaacha kuunda kitu chochote chenye maana, akawa anaunda mbwa. Mbwa ni viroboti vidogo, vya haraka, vinavyokimbia kwa makundi na kuuma chochote. Mchezo unaanza tu, na kabla hujajenga hata ghala, mbwa wa watu wako kila mahali wanawinda roboti za kuchimba madini, hesabu inapanda, wenyewe wanapiga mayowe. Mimi naunda mkokoteni wangu, naukokota nusu ya sayari, naukalisha, unafungua mtutu, ukuta unaanza kupasuka, na stima inaenda. Kimya. Giza. Halafu sauti ya kapteni: "Auntie, pole. Ulikuwa na vifo ngapi? Sufuri?"

Wakicheka tena natoka nje kabla sijatukana mtu.

Labda ni mahali penyewe. Kwetu ghorofa linaendelea kupanda huku wapangaji wameshahamia chini na zege la juu halijakauka. Maji yakija unakimbia na mitungi kabla hayajakatwa. Wanaofanya kibarua viwandani wanakimbilia getini asubuhi kabla nafasi hazijaisha. Watu wamezoea kwamba kila kitu kitakatwa, kwa hivyo wanakula mbio, wanajenga mbio, wanaoa mbio. Naelewa. Lakini kuelewa hakukunipunguzia hasira hata kidogo. Kutwa nzima Gikomba nimesukumwa, nimevutwa mkono, nimeambiwa "mama, harakisha, bei ya mwisho." Nikiingia saiba jioni natafuta kitu kinachokaa chini na kumaliza kazi yake. Kumbe hata kwenye sayari nyingine naambiwa niharakishe!

Aliyenifundisha mchezo huu ni mdogo wangu. Tunaishi naye chumba kimoja chenye pazia katikati, mimi upande wa dirisha. Yeye ni kibarua kiwandani, na kwa mbwa hana mpinzani pale saiba. Vidole vyake vinapita kwenye kibodi hata huvioni. Yeye hakunicheka kama wengine, lakini hakunitetea pia. Kapteni akinisema, mdogo wangu alikuwa anapandisha sauti ya vifaa vya masikioni. Hilo liliniuma kuliko kicheko cha wote.

Kisha yakatangazwa mashindano. Ukumbi mmoja kule Donholm ulialika saiba za Eastlands, kila moja ilete timu ya watu watatu. Sisi tulikuwa watatu tayari: kapteni, mdogo wangu na mimi. Tulikuwa tumecheza hivyo kila Jumapili baada ya kanisa muda mrefu. Lakini ilipofika siku ya kuandikisha majina, kapteni akanijia na ile sura ya mtu anayekuja kuvunja uchumba.

"Auntie, sikiza. Sina ubaya. Hiyo mkokoteni uiache. Ukicheza mbwa, kiti ni chako. Ukikataa, kuna mtu mwingine anangoja."

"Mtu mwingine nani?"

"Ako haraka," akasema, kana kwamba hiyo ni sifa tosha ya mwanadamu.

Nilikitaka kiti kile. Sijui kama naweza kueleza jinsi nilivyokitaka. Nimefika umri ambao watu wanakuita mama kabla hawajakuangalia vizuri, na pale mbele ya skrini ndipo mahali pekee nilipojua kitu ambacho wengine hawakukijua. Kukikalia kiti kile nikicheza mbwa, nikibweka na wenzangu, ilikuwa sawa na kutokikalia. Nikamwambia hivyo, kwa maneno makali kuliko haya. Sauti ikapanda. Mwenye saiba akatoka nyuma ya meza yake.

"Hebu tulieni, jamani. Mmesoma sheria za huko?"

Hakuna aliyekuwa amesoma. Nani ana muda?

"Huko wana jenereta," akasema taratibu. "Hakuna kuhesabu vifo. Anayeshinda ni yule atakayeangusha mnara mkuu wa mwenzake, basi. Sheria yangu inaishia hapo mlangoni. Sasa wewe kapteni, huo mnara uko ndani ya kuta mbili. Mbwa wako wataula kwa meno?"

Kapteni akakuna kichwa. Akatazama skrini, akanitazama mimi, akasema haya, lakini nikichelewa hawatangoja. Niliitikia kwa hasira, kwa sababu hata kukubaliwa kwangu kulikuwa na haraka ndani yake.

Jioni hiyo nilimpakulia mdogo wangu ugali na mboga nikakaa mbele yake asiweze kupita. Nikamwambia sihitaji jeshi lote. Nahitaji mbwa wake wasimame mbele ya mikokoteni yangu mpaka ikae, na wabaki hapo mpaka imalize. Asiende kuwinda, asifuate hesabu.

"Siz, usijali. Nitasimama hapo kama askari wa benki."

"Niangalie machoni."

Akaniangalia, akacheka, akasema, "Siz, bana. Nimekuambia niko." Nilimwamini. Ni mdogo wangu, ningemwamini nani?

Ukumbi wa Donholm ulikuwa na viti vya plastiki, wasimamizi wenye fulana za rangi moja, na jenereta iliyokuwa ikinguruma nje kwenye ua. Kompyuta zilikuwa za kupakata, mpya, kila moja na betri yake. Nilizigusa kwa heshima. Herufi zote zilikuwa bado kwenye kibodi. Tulipita raundi za kwanza dhidi ya timu ambazo hata hazikujua kuzungusha ukuta, na sitazisimulia. Ya mwisho tulipewa timu ya Kayole, vijana wapole waliotusalimia "niaje" wakakaa bila kuongea tena.

Hao walijua kujenga. Kuta mbili, mizinga kila pembe, mnara katikati. Mbwa wa kapteni walijaribu wakarudi wachache wakichechemea. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Auntie, leta."

Nikaleta mikokoteni mitatu. Nilitoka nayo kambini ikijikokota kwenye vumbi lile jekundu, na kweli, kama alivyoahidi, mbwa wa mdogo wangu walikuwa mbele yake wamejipanga mstari. Nikaikalisha. Ikachuchumaa, ikachimbia miguu, mitutu ikafunguka. Watu wa Kayole wakatuma viroboti vyao kuniwahi, mbwa wa mdogo wangu wakavirudisha. Nikapiga. Ukuta wa kwanza ukapasuka, ukaanguka. Nikapiga. Ukuta wa pili ukaachia mwanya. Nikapandisha shabaha mpaka kwenye mnara, kombora la kwanza likaupasua ubavuni, na nikasikia watu nyuma yangu wakiguna kwa mshangao. Nilifurahi mpaka mikono ikawa baridi. Ilikuwa imebaki kidogo sana. Wangesimama tu pale walipokuwa wamesimama.

Taa za ukumbi zikacheza.

Zilizima zikawaka, kufumba na kufumbua. Nje jenereta ilikohoa, ikaendelea kunguruma. Skrini hazikutikisika hata kidogo, na zingetikisikaje, wakati kila kompyuta ilikuwa na betri? Vijana wa Kayole waliinua macho, wakayarudisha kwenye mchezo. Lakini sisi tulikuwa watu wa Pipeline.

"Stima inaenda!" kapteni akapiga kelele. "Ua! Ua! Hesabu!"

Na mdogo wangu, yule askari wa benki, akaenda. Sikuamini macho yangu. Mbwa wake wote waliruka kutoka mbele yangu kwa pamoja, wakaingia kwenye mwanya ambao mimi ndiye niliyeufungua, wakamwagika ndani ya kambi kuwinda roboti za madini, wakizunguka mnara huku na huku pamoja na mbwa wa kapteni, wakikusanya vifo ambavyo hakuna mtu yeyote katika jengo lile aliyekuwa akivihesabu.

"Rudi!" nikamwambia. "Kuna jenereta! Rudi!"

Alikuwa amekaa kando yangu kabisa, bega kwa bega, na hakunisikia. Nikamwita kwa lile jina la utotoni ambalo mama pekee ndiye humwita. Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kona ya skrini, pale penye namba, na midomo yake ilikuwa inasoma. Katika maisha yangu nimeachwa na watu, wengine kwa maneno mazuri, lakini sijawahi kuachwa na mtu ambaye bega lake linagusa langu.

Viroboti vya Kayole vikaniona niko peke yangu. Mkokoteni wa kwanza ulikufa ukijaribu kunyanyuka. Wa pili haukuwahi hata kung'oa miguu. Ukabaki mmoja, umekaa, mtutu wazi, kombora ndani, na mnara ule uliopasuka ukiwa mbele yake. Kuuzunguka mnara walikuwa wamejaa mbwa, wa mdogo wangu na wa kapteni, jeshi letu lote.

Kapteni akaona duara la shabaha yangu likisogea. Vifaa vya masikioni vikamtoka.

"Auntie, usipige! Tuko ndani! Usipige!"

Nikapiga.

Kombora lile huwa linachukua muda hewani. Lenyewe pia halina haraka. Tulilitazama sote watatu likipanda, likipinda, likishuka. Mbwa wakaisha wote kwa mpigo mmoja, na mnara ukainama, ukakaa chini, na maandishi ya ushindi yakajaa skrini zetu.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Kapteni alisimama akanielekezea kidole.

"Umetuua!"

"Tumeshinda," nikamwambia.

"Umetuua sisi! Watu wako!"

"Watu wangu walikuwa wapi?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko jenereta. "Watu wangu walikuwa wapi nilipokuwa nawaita?"

Angejibu, sijui angejibu nini, lakini msimamizi wa mashindano alikuwa ameshafika na kipaza sauti. Alikuwa amechangamka. Akasema hajawahi kuona mbinu kama ile: kutoa kafara jeshi zima ili kuwaziba adui ndani, kisha kupiga juu ya watu wako mwenyewe. Akamuuliza kapteni kama walikuwa wameifanyia mazoezi. Na kapteni, ambaye mate ya kunitukana yalikuwa hayajamkauka mdomoni, akavuta fulana yake chini, akasema kwenye kipaza sauti, "Eeh, tulikuwa tumepanga hivyo."

Nilitaka kumtupia kiti. Nasema kweli, mkono wangu ulikuwa umeshashika kiti. Kuachwa nimeachwa, na sasa hata hasira yangu wamenipokonya, wakaigeuza mbinu, wakaipigia makofi! Mdogo wangu aliushika mkono wangu polepole mpaka nikaachia. Tulipigwa picha ya pamoja. Mimi ndiye yule aliyeangalia pembeni.

Jua lilikuwa bado liko juu tulipotoka. Kapteni alibaki kusimulia. Mimi na mdogo wangu tulirudi kwa miguu, tukashika kando ya barabara kubwa ya Outer Ring, malori yakitupita na kutuachia moshi. Nilitangulia. Yeye alinifuata nyuma mpaka tulipokaribia ghorofa za kwetu, zile zilizobanana hata nguo za kuanikwa za jirani zinaingia dirishani kwako. Nilikuwa namngoja. Nilijua atasema samahani, na nilikuwa nimeshaamua kumsamehe, ila si kwa haraka.

"Siz," akasema.

"Nini?"

"Si ungetungoja kidogo tu, tutoke?"

Nilisimama katikati ya njia. Mwanamke mwenye karai la mandazi nusura anigonge. Nilimgeukia mdogo wangu, nikaona hakuwa anafanya mzaha. Uso wake ulikuwa umenyong'onyea. Alikuwa ameumia kabisa, moyoni, kwamba dada yake hakumngoja. Nikaanza kucheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, kikanitoka pamoja na machozi, na watu wakawa wanageuka kututazama. Mpaka leo sijamjibu.

Bado tunacheza pamoja, Jumapili baada ya kanisa. Kapteni haniulizi tena nitafika lini. Nikianza kuikalisha mikokoteni yangu, mbwa wa mdogo wangu wanakuja mbele yake, wanajipanga, na hawatoki. Kona ya skrini anaitazama, namwona akiitazama, lakini hatoki, hata siku zile ambazo taa zinaanza kufifia na saiba nzima inapiga mayowe. Wengine wanadhani nimemfunza subira. Wananipongeza. Mimi nimekaa karibu naye, nasikia bega lake linavyokakamaa kila mtutu wangu unapofunguka, na najua wakati huo anachotazama ni shabaha yangu, aone imeelekea wapi. Nilitaka anilinde kwa sababu ananiamini. Ananilinda kwa sababu ananiogopa, na kuta zinaanguka vile vile.